Walinzi wa wanyama wamepekua nyumba yangu usiku: je, mwindaji hana haki ya faragha?

"Metre, wakili wetu, nakusalimia. Mimi ni baba wa watoto watano, nakaa Lubumbashi, komini ya Katuba, na nina shamba kwenye barabara ya Kasenga. Nina bunduki ya kalibre 12 na dokima zake zote, yaani karatasi zake. Siku ya Mungu iliyopita nilikuwa natoka shambani na ndugu ya mke wangu. Nyuma ya gari kulikuwa na kanga wawili na nsya mmoja. Saa kumi jioni, kwenye baryera, kizuizi cha barabarani, watu wawili wenye sare za kijani walitusimamisha. Walifungua kofre, sehemu ya mizigo ya gari, wakaangalia, wakaandika namba ya gari, wakatuambia tuendelee. Usiku huohuo, saa tatu na dakika arobaini, watu watatu wakagonga nyumbani. Mimi nilikuwa kwa jirani. Mke wangu akafungua. Wawili walikuwa na sare, wa tatu nguo za kawaida. Hawakuonyesha karatasi. Waliingia jikoni wakafungua friji, wakaingia chumbani kwetu, wakachukua nyama na bunduki. Wakamnyang'anya kijana wangu simu, wakamwambia aifungue, wakatazama picha. Kuna picha ya mwaka jana ameshika kakakuona aliyekufa. Simu wakamrudishia, ila hiyo picha waliipiga kwa simu yao. Wakaacha namba, wakasema niende keshokutwa na dola 200 nichukue bunduki, mambo yaishe. Shemeji yangu mwingine yuko Amerika, anasema hata kule walinzi wanaingia shambani kwa mtu bila karatasi, eti mwindaji hana siri. Ni kweli? Mke wangu alikosea kufungua? Nifanye nini?"

Papa, asante kwa kueleza kila kitu kwa saa yake na mahali pake. Wengi huniandikia "wamenionea" wakaishia hapo, na mimi nashindwa kuwasaidia. Saa na mahali ulivyovitaja ndivyo vitakavyoamua sehemu kubwa ya jambo lako.

Nianze na mama wa nyumba, maana naona ndiye anayebeba uzito asiostahili. Hakukosea. Mtu akigongewa usiku na watu wenye sare, anafungua. Kufungua mlango si kukubali watu waingie chumbani. Nitarudi hapo. Na nikutahadharishe mapema: katika jibu hili kuna maneno yatakayokufurahisha na mengine hayatakufurahisha, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hukuliandika, nami nitalazimika kukuuliza.

Shemeji wa Amerika hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Kule Marekani Mahakama Kuu iliamua mwaka 1924, ikarudia mwaka 1984, kwamba pori na mashamba ya wazi hayamo katika ulinzi ambao katiba yao inaupa mwili wa mtu, nyumba yake, karatasi zake na vitu vyake. Hata ukiweka uzio na kibao cha kukataza watu kupita, kwa mahakama hiyo shamba linabaki shamba. Ndiyo maana walinzi wa wanyama wa huko hutembea katika ardhi ya watu bila kibali cha hakimu. Lakini uamuzi huohuo haugusi nyumba wala kiwanja kinachoizunguka nyumba. Hapo mlinzi anasimama kama mtu mwingine yeyote. Isitoshe, majimbo yao yana katiba zao, na baadhi yanawapa watu ulinzi zaidi. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya jimbo la Tennessee iliwapa haki wenye mashamba waliolalamika kwamba walinzi waliingia katika ardhi yao bila ruhusa na kuweka kamera. Kwa hiyo hata huko maneno "mwindaji hana siri" si kweli. Na hata yangekuwa kweli, sheria ya Tennessee haivuki bahari ikaja kufanya kazi Katuba.

Kwetu msingi wenyewe ni mwingine. Ardhi ni mali ya Dola. Ndivyo sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inavyosema, na wewe mwenye shamba una haki ya kulitumia. Usijenge utetezi wako juu ya neno "ni shamba langu". Jenga juu ya neno "ni nyumba yangu". Kifungu cha 29 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya makazi yake kutovamiwa, na kinasema upekuzi hauwezi kufanyika humo ila kwa namna na kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Kinasema kila mtu, na mwindaji ni mmojawao. Hata kibanda unacholala ukienda shambani ni makazi yako kwa siku hizo, japo kimejengwa kwa udongo na mlango wake ni bati.

Sasa, hawa watu wa sare ya kijani ni nani? Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Mbuga kama Upemba na Kundelungu, hifadhi nyingine na maeneo rasmi ya uwindaji viko chini ya ICCN, taasisi ya kuhifadhi asili. Nje ya hapo, huko kwenye mashamba na pori la kawaida, uwindaji unasimamiwa na wizara ya mazingira kupitia ofisi yake ya jimbo. Wote huvaa kijani, na mwananchi huwaita wote magadi. Ila kinachompa mtu nguvu ya kupekua si rangi ya nguo. Ni kuwa afisa wa polisi ya mahakama, yule tunayemwita OPJ. Sheria inawapa hadhi hiyo baadhi ya watumishi wa hifadhi na wa mazingira baada ya kula kiapo, kila mmoja katika eneo lake na kwa makosa ya kazi yake. OPJ ana kadi. Unayo haki ya kuomba kuiona, kwa heshima, na kuandika jina na namba.

Mlinzi asiye OPJ ana nguvu ndogo sana. Anaweza, kama raia yeyote, kumkamata mtu anayefumaniwa akitenda kosa zito, lile ambalo adhabu yake inafika miaka mitatu au zaidi, kisha ampeleke mara moja kwa OPJ au mwendesha mashtaka aliye karibu. Hana ruhusa ya kwenda kupekua nyumba za watu jioni baada ya kazi. Na yule wa tatu mwenye nguo za kawaida? Kama hakuonyesha kadi, basi kwako wewe na mbele ya sheria ni mgeni aliyeingia chumbani kwako usiku. Andika alivyofanana, kabla hujasahau.

Niseme neno kuhusu walinzi wenyewe, maana sipendi barua yako isomwe kama vita kati ya wawindaji na watu wa hifadhi. Nimewatetea wawindaji, na nimewahi pia kukaa na wajane wa walinzi. Upemba ilianzishwa mwaka 1939, na ndiyo inayotunza punda milia wa mwisho wa nchi hii. Ukiwa na mtoto hajawahi kuwaona, hana mahali pengine pa kuwaona hapa kwetu. Makosa ya porini hayana shahidi. Nyama inakaushwa, inaliwa, inauzwa vipandevipande sokoni, na kesho yake hakuna anayejua ilikuwa ya mnyama gani. Ndiyo maana sheria inampa mlinzi mkono mrefu pale kosa linapotendeka: kusimamisha, kuuliza, kuangalia mzigo, kukamata mtego, risasi na nyama. Bila mkono huo pori letu lingebaki jina tu. Swali ni mkono huo unaishia wapi.

Kwenye baryera, kwa maoni yangu, hawakukukosea sana. Gari si nyumba. OPJ anaweza kukamata vitu vinavyohusu kosa popote anapovikuta, na mtu anayesafiri na bunduki na nyama pori ategemee kuulizwa. Tena mwindaji ana wajibu ambao mpita njia wa kawaida hana: uwindaji ni kazi ya kibali, na anayewinda kwa kibali anatakiwa aweze kukionyesha kwa mtumishi mwenye haki ya kukiomba. Kuwaambia "hamna haki ya kuangalia kofre" kungekuwa kujitafutia shida. Kilichokosekana pale ni maandishi. Waliona nyama, waliona bunduki, wakaandika namba ya gari tu, wakakuacha.

Kukuacha kwao ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri, na nakuomba ulishike.

Sheria yetu inatofautisha kosa linalofumaniwa na kosa la kawaida. Kosa la kufumaniwa ni lile linalotendeka sasa hivi au limetoka kutendeka muda huu. Linahesabiwa hivyo pia pale mtu anapofukuzwa kwa kelele za watu, au anapokutwa na silaha, vyombo au karatasi zinazoonyesha kwamba yeye ndiye, muda mfupi baada ya tendo. Katika hali hiyo OPJ anafanya mengi bila kusubiri mtu mwingine, hata kuingia nyumbani. Nje ya hali hiyo, mlango wa nyumba unafunguliwa kwa njia mbili tu: ruhusa ya maandishi kutoka kwa hakimu wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, au ridhaa ya mwenye nyumba. Nao watakapoulizwa, watasema kosa lako lilikuwa bado bichi: "tulimwona na nyama saa kumi, tukaifuata saa tatu usiku." Ni hoja ambayo inaweza kumvutia hakimu, siwezi kukuficha. Jibu lake ni hili: kama saa kumi mlifumania kosa, kwa nini mlimwambia aendelee na safari? Mtu aliyekutwa na kosa na akaachwa na mzigo wake wote, kisha akafuatwa kwake baada ya saa tano na zaidi, si mtu anayefumaniwa. Ni mtu anayechunguzwa, na uchunguzi una karatasi zake.

Kisha kuna saa yenyewe. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, ile ya tarehe 6 Agosti 1959 ambayo bado tunaitumia, inakataza upekuzi wa nyumbani kuanza baada ya saa tatu usiku na kabla ya saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa kwa ruhusa ya rais wa mahakama. Wenzako waligonga dakika arobaini baada ya mlango wa sheria kufungwa. Katazo hili si mchezo wa dakika. Usiku mtu hana wa kumwita. Jirani analala, wakili analala, na anayegonga anaweza kuwa yeyote. Katika mji ambapo watu wamewahi kuvamiwa na majambazi waliovaa sare, sihitaji kukueleza zaidi.

Turudi kwa mama. Wanaweza kusema alikubali. Ridhaa ni neno la wazi linalosemwa na mtu anayejua kwamba anaweza kukataa. Kunyamaza mbele ya watu watatu si ridhaa. Naye alikuwa na haki ya kukataa kwa jina lake mwenyewe, bila kukusubiri wewe, kwa sababu nyumba ni yake pia na Kifungu cha 29 hakikuandikwa kwa ajili ya wanaume. Ugumu ni wa ushahidi: usiku ule yeye ni mmoja na wao ni watatu. Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, kaa naye, aeleze yote tangu kugongwa hadi kuondoka kwao, mwandike, atie sahihi na tarehe. Kijana afanye hivyo kwa karatasi yake, peke yake, msipatane maneno. Jirani aliyesikia naye aandike alichosikia. Karatasi iliyoandikwa siku ya tatu ina nguvu kuliko kumbukumbu ya mwezi wa tatu.

Siku nyingine wakija, mtu wa nyumbani aseme hivi, taratibu: "Mukubwa, tuonyeshe kadi na karatasi ya upekuzi. Bila karatasi sikubali, ila sikuzuii kwa mkono." Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Kataa kwa mdomo, usikatae kwa mikono. Ukimsukuma mtumishi wa serikali, hata aliyekosea, unaweza kushtakiwa kwa kumpinga kwa nguvu, na siku hiyo wewe ndiye utakayelala kasho, yaani mahabusu, huku yeye anaandika ripoti. Wakiingia kwa nguvu, waacheni, wafuateni chumba kwa chumba, mhesabu wanachochukua. Mwenye nyumba anatakiwa awepo wakati wa upekuzi. Na kuingia katika nyumba ya mtu kwa vitisho au kwa kuvunja, nje ya hali ambazo sheria imeruhusu, ni kosa la jinai ambalo linaweza kumfikisha mahakamani hata mwenye sare.

Simu ya kijana. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano, na kinaweza kuguswa tu katika hali zilizowekwa na sheria. OPJ anaweza kukamata simu kama kitu cha ushahidi, aiandike, aipeleke parke. Kumwamuru kijana aifungue na kupitisha kidole kwenye picha zake jikoni usiku, bila maandishi yoyote, ni jambo jingine kabisa. Ila sikiliza vizuri: kijana asiifute ile picha. Najua ndilo wazo la kwanza la kila mzazi. Wao wanayo nakala, na kufuta kutaonekana kama kuficha. Asimweleze mtu yeyote habari zake pia, si mtaani, si kwa simu, mpaka mkae na wakili. Kakakuona si mnyama wa mchezo. Nchi yetu imo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama pori, CITES, tangu mwaka 1976, na mwaka 2016 mkataba huo uliwaweka kakakuona wa aina zote katika orodha yake kali kuliko zote, na kakakuona mkubwa analindwa kikamilifu na orodha zetu za ndani. Aliyeshika mnyama aliyemkuta amekufa hayuko sawa na aliyemuua au kumuuza, lakini maelezo hayo yatolewe mahali pake, kwa mtu wake, mtetezi akiwa amekaa kando.

Sasa lile ambalo hukuliandika. Umesema bunduki ina dokima zote. Hukusema una kibali cha kuwinda.

Hizi ni karatasi mbili, zinazotoka milango miwili. Silaha inatawaliwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985. Inakuruhusu kuwa na bunduki na kuibeba. Uwindaji unatawaliwa na sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, ambayo ina vibali vya aina mbalimbali: vya mwanakijiji, vya wanyama wadogo, vya wanyama wakubwa, vya kitalii na vingine. Sheria hiyo inawagawa wanyama katika majedwali matatu: wanaolindwa kabisa, wanaolindwa kwa sehemu, na wengine. Pia kuna majira ambayo uwindaji hufungwa ili wanyama wazae. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bunduki halali kabisa, akaua nsya kwenye shamba lake mwenyewe, na bado akawa amevunja sheria: kwa sababu hana kibali, au majira yamefungwa, au alimulika taa usiku. Nimeshaona baba wazima wakilia parke kwa kutojua jambo hili moja. Kama kibali unacho na siku ile majira yalikuwa wazi, kitoe leo, maana kinabadilisha kila kitu. Kama huna, usikitafute sasa kwa tarehe ya nyuma. Wapo watakaokuahidi. Hilo litageuza kosa la uwindaji kuwa kosa la kughushi, na mimi nitakuwa sina la kukusaidia.

Wengine hudhani kwamba upekuzi ukiwa mbovu, kosa linafutika. Huko Marekani mara nyingi ushahidi uliopatikana kwa njia haramu hutupwa nje. Kwetu hakimu ana uhuru mpana wa kupima ushahidi, na hakuna kanuni inayofuta kila kitu moja kwa moja. Wakili wako ataomba maandishi ya usiku ule yatupwe, na akiwa na saa, mashahidi na kukosekana kwa karatasi, ana hoja nzuri. Hata hivyo fikiria kwamba una mafaili mawili: moja ni la kanga na nsya, ambamo unajibu wewe; jingine ni la mlango wako, ambamo wanajibu wao. Faili la pili halilifungi la kwanza, na la kwanza halihalalishi la pili.

Vitu walivyochukua navyo vina utaratibu wake. OPJ akikamata kitu anatakiwa amwonyeshe aliyekuwa nacho akitambue, aandike proseverbali, yaani ripoti rasmi, inayoeleza kila kitu kilichokamatwa, na aliyenyang'anywa atie sahihi au iandikwe kwa nini hakutia. Bunduki ina namba. Bunduki yenye namba iliyochukuliwa bila proseverbali ni hatari kwako kuliko kwa mtu mwingine: ikitumika kesho kumwibia mtu huko Ruashi, jina litakalotoka kwenye daftari ni lako. Hii pekee ingetosha kukutoa nyumbani asubuhi na mapema.

Dola 200. Usizipeleke. Ipo njia halali ambayo OPJ, kwa makosa madogo ya kulipiwa faini, anaweza kukualika ulipe kiasi fulani ili shauri lisiende mbali. Pesa hiyo inaingia hazina ya Dola na unapewa risiti. Haiitwi kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye kikaratasi, na haibadilishwi na bunduki. Hiyo waliyoiomba ni rushwa, na sheria ya rushwa, iliyokazwa mwaka 2005, inamwadhibu anayetoa kama anayepokea. Najua jinsi inavyofanyika hapa mjini: mtu anatoa matabishi, anachukua kitu chake, anamshukuru Mungu. Lakini ukishalipa umewafundisha bei yako, umejitia kosa la pili, na ile picha ya kakakuona bado iko kwenye simu yao. Watarudi. Sikulaumu kwa kuwaza. Dola 200 ni nyepesi kuliko wiki mbili za kuzunguka ofisini. Tunza kile kikaratasi chenye namba, kipige picha, usiwapigie peke yako.

Kunyamaza tu, uache bunduki iende? Wengine huchagua hivyo, na sitawaita wajinga. Kama ingekuwa nyama peke yake, ningekuelewa. Kwa bunduki siwezi kukushauri hivyo, kwa sababu niliyoitaja.

Njia ninayoiona ni ya kumwandikia Mwendesha mashtaka wa Jamhuri katika mahakama kuu ya eneo lako. Maafisa wa polisi ya mahakama, wakiwemo wa hifadhi na wa mazingira, wanafanya kazi chini ya usimamizi wake. Ndiye mukubwa wao katika mambo ya upekuzi. Barua iwe fupi: saa, mahali, watu watatu, vitu vilivyochukuliwa, namba ya bunduki, hakuna karatasi, ombi la dola 200. Usijaze matusi, wala usitetee kanga na nsya humo. Nakala iende kwa ofisi wanayosema wametoka, maana inawezekana kabisa wakubwa wao hawajui lolote. Viongozi wengi wa hifadhi huchukizwa na mambo haya kuliko wewe, kwani yanawaharibia kazi vijijini. Ofisi ya jimbo ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, hupokea malalamiko pia.

Njia hii ina bei yake: ukijitokeza, wanaweza kukufungulia faili la uwindaji. Ndiyo maana barua hiyo usiiandike peke yako. Kama huna kibali cha kuwinda, wakili atapima kwanza nini kisemwe na kwa mpangilio gani. Kama mfuko hauruhusu, mawakili wa Haut-Katanga wana ofisi ya ushauri wa bure; uliza pale palais de justice, jengo la mahakama, utaelekezwa. Jibu la maandishi kama hili haliwezi kuona dokima zako wala kusoma tarehe zake.

Ukiitwa kwa karatasi ya mwito, nenda, usikimbie, ila nenda na mtetezi. Katiba inakuruhusu kusaidiwa naye tangu hatua ya polisi. Ukishikwa, uambiwe sababu mara moja na kwa lugha unayoielewa; kama ni Kiswahili, iwe Kiswahili. Familia iarifiwe. OPJ hawezi kukuweka zaidi ya saa 48 bila kukuachia au kukupeleka mbele ya mamlaka ya mahakama. Mke wako aandike saa uliyoingia. Na usitie sahihi proseverbali ambayo hujasomewa. Kama maneno si yako, andika hapo chini kwamba hukubaliani nayo.

Jambo moja nalitaja kwa ajili ya wasomaji wengine, kwa kuwa lako ni kalibre 12. Yeyote anayekutwa na bunduki ya vita, hata kama ni ya kuwindia tu, aache kusoma hapa na amtafute wakili leo hii. Mara nyingi shauri lake litachukuliwa na upande wa kijeshi. Mawakili tunalibishania jambo hilo, kwa sababu Kifungu cha 156 cha Katiba kinaziachia mahakama za kijeshi makosa ya wanajeshi na polisi tu, lakini mabishano yetu hayatamzuia mtu kulala kasho huko.

Wamekuambia uende keshokutwa, kwa hiyo siku yako ni kesho. Fika kwa wakili saa mbili asubuhi pamoja na mama na kijana. Beba dokima za bunduki na risiti ya ulipoinunua, kibali cha uwindaji kama kipo, karatasi za shamba, kile kikaratasi chenye namba, simu ya kijana kama ilivyo, na maandishi mtakayoandika usiku wa leo.